Walioishi Kupita Mashahidi Wao

Mwaka 1965, mjini Arles, kusini mwa Ufaransa, wakili wa mikataba aitwaye André-François Raffray alifanya biashara ambayo mtu yeyote ajuaye hesabu angeifanya. Yeye alikuwa na miaka 47. Mwenye nyumba, Jeanne Calment, alikuwa mjane wa miaka 90, hana mtoto wala mjukuu. Wafaransa wanao mkataba wa aina hiyo tangu zamani: mnunuzi halipi bei yote kwa mkupuo, humpa muuzaji posho ya kila mwezi maisha yake yote, na muuzaji akifariki ndipo nyumba inakuwa ya mnunuzi moja kwa moja. Raffray akakubali kutoa faranga 2,500 kwa mwezi, akakaa kusubiri.

Alisubiri miaka 30. Desemba 1995 akafa yeye, na miaka yake 77. Kufikia hapo alikuwa amelipa zaidi ya mara mbili ya thamani ya nyumba, na mkataba ukamgeukia mkewe, ambaye ilimbidi aendelee kulipa. Bi Calment alifariki tarehe 4 Agosti 1997, akiwa ameishi miaka 122 na siku 164. Hakuna binadamu mwingine ambaye umri wake umethibitishwa kufika hata 120. Wahenga walisema kufa kufaana, lakini hapa aliyefaidika ni yule aliyesubiriwa afe.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, na kweli kinachekesha. Ila kuna jambo ambalo wasimuliaji hulipita haraka: kwa nini mama yule aliiuza nyumba yake kwa mtu baki? Binti yake wa pekee, Yvonne, alikufa mwaka 1934. Mumewe alifuata mwaka 1942. Mjukuu wake wa pekee, ambaye ndiye alikuwa amebaki wa kurithi, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1963, miaka miwili kabla ya Raffray kuja na kalamu yake. Nyumba iliuzwa kwa sababu damu yote ya kuirithi ilikuwa imekwisha. Na baada ya hapo akaishi miaka 32 mingine.

Kwetu, mtu akikusaidia kuvuka barabara au akikupisha kiti kwenye daladala, unamwombea: Mungu akupe umri mrefu. Sijawahi kumsikia aliyetaja kiasi. Nadhani tunamaanisha miaka ya kutosha kuwaona wajukuu, pengine vitukuu, na kuzikwa nao. Hakuna anayemwombea mwenzake awazike wajukuu. Violet Brown wa Jamaica alikuwa mtu mzee kuliko wote duniani kwa miezi mitano ya mwaka 2017; siku chache tu baada ya kuupata ukubwa huo alifiwa na mwanawe wa miaka 97. Mama wa miaka 117 analia, na anayemlilia ni babu wa watu.

Nimekuwa nikizifikiria sana hali hizi, na kila nikizirudia nagota kwenye jambo moja la hesabu, rahisi kabisa, ambalo hata hivyo linanitisha. Chukua mtu aliye mzee kuliko watu wote duniani leo. Maana ya ukubwa huo ni kwamba kila binadamu aliyekuwa hai siku anazaliwa yeye sasa ni marehemu. Wote. Mama aliyemzaa, mkunga aliyempokea, jirani aliyekuja kumwona mtoto, mfalme aliyekuwa kwenye kiti cha enzi, mchimba chumvi wa nchi asiyoijua, kitoto kilichomtangulia kwa siku moja upande wa pili wa bahari. Dunia imebadilisha watu wake wote, amesalia yeye. Basi nani atashuhudia kwamba alizaliwa lini?

Hakuna. Kinachoshuhudia ni karatasi.

Ndiyo maana umri wa Bi Calment haukutangazwa kwa sababu yeye mwenyewe aliutaja, ingawa aliutaja kwa ucheshi mwingi na alidai kumkumbuka Vincent van Gogh akizunguka Arles, mchafu na mwenye sura mbaya. Madaktari na wataalamu wa demografia, Michel Allard na Jean-Marie Robine wakiwa mbele, walifukua daftari la vizazi la mwaka 1875, vitabu vya kanisa, hati za ndoa, na hesabu za watu ambazo mji wake uliandika miaka nenda miaka rudi, wakamfuata kutoka ukurasa hadi ukurasa. Na mwaka 2018, alipokuwa kaburini miaka zaidi ya 20, watafiti wawili wa Urusi, Nikolay Zak na Valery Novoselov, walizuka na shutuma nzito: kwamba aliyekufa mwaka 1934 ni mama, na binti akajitwalia jina la mama yake ili kukwepa kodi ya mirathi. Yaani yule kikongwe angekuwa Yvonne, na umri wake ungekuwa miaka 99. Kesi hiyo haikuweza kumwita shahidi hata mmoja kizimbani. Ilipiganwa kwa karatasi, na kina Robine waliijibu mwaka 2019 kwa karatasi nyingine. Wataalamu wengi walibaki upande wa mama. Mimi pia niko upande huo, kwa sababu ndogo ya mtu aliyekulia mtaani: kuishi mbele ya mji mzima ukijifanya mama yako, mume wa mama akiwa mume wako mbele ya watu na mtoto wako akikuita bibi, ni udanganyifu ambao kodi pekee haiwezi kuugharimia. Mtaa una macho.

Lakini hapo nimeshakimbilia kwenye ushahidi wa watu, na ushahidi wa watu ndio tuliokuwa tukiutegemea sisi.

Muulize mzee wa Songea au wa Taita aliyezaliwa kabla ya uhuru, umri wake utaupata kwa njia ya mzunguko. Fulani alizaliwa mwaka wa nzige. Fulani alikuwa anachunga mbuzi Mjerumani alipoondoka. Huyu na yule walitahiriwa pamoja, na yule ana wajukuu wenye umri huu, basi huyu naye hakosi kuwa na kadiri hii. Ni hesabu nzuri, na mara nyingi ina usahihi kuliko wanavyodhani waliosoma, maana imefungwa kwenye watu kadhaa kwa wakati mmoja: ukijiongezea miaka, rika lako litakucheka barazani. Udhaifu wake ni mmoja. Inahitaji rika liwe hai. Siku wa mwisho wao anapobaki peke yake, umri wake hauna tena wa kuushikilia, na huanza kuelea. Wajukuu wanasema ana 100. Mwaka unaofuata wanasema 110. Mwandishi wa habari akija, amefika 125.

Hili halikutupata sisi pekee. Katika kijiji cha Vilcabamba nchini Ecuador, kilichovuma miaka ya 1970 kuwa bonde la wasiozeeka, watafiti wawili, Richard Mazess na Sylvia Forman, walipekua vitabu vya kanisa na kumkuta mzee aliyedai mwaka 1944 kuwa na miaka 70 ilhali alikuwa na 61. Mwaka 1949 akasema 80. Mwaka 1970 alikuwa amefika 121 kwa mdomo wake, wakati kanisa lilimpa 87. Katika kijiji kizima hawakupata hata mmoja aliyetimiza 100. Huko Caucasus, enzi za Kisovieti, serikali ilimtolea stempu ya posta mzee wa Azerbaijan aliyedaiwa kuwa na miaka 148. Baadaye Zhores Medvedev, mwanabiolojia aliyeishi uhamishoni Uingereza, alieleza kwamba miongoni mwa wakongwe wa aina hiyo walikuwamo wanaume ambao ujanani walitumia hati za baba zao ili wasichukuliwe jeshini, wakazeeka wakiwa na umri wa baba. Na jirani zetu wa Ethiopia, mwaka 2013, walikuwa na mkulima wa Kioromo, Dhaqabo Ebba, aliyesema ana miaka 160. Alieleza mambo ya vita vya Waitaliano vya mwaka 1895 kana kwamba alikuwapo. Huenda aliyasikia kwa baba yake mara nyingi kiasi cha kuyaona. Karatasi haikuwapo ya kumkubali wala ya kumkataa.

Sioni haja ya kuwadharau wazee hawa. Katika jamii ambayo mvi ni cheo, kujiongezea miaka ni jambo la kibinadamu, kama vile mjini kujipunguza. Aliyelelewa kwa habari za Methusela, au za Nabii Nuhu aliyekaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini, haoni 160 kuwa ni mingi.

Ila kuna ukatili ndani ya jambo hili. Orodha ya dunia ya walioishi miaka mingi imejaa Wajapani, Wafaransa, Wamarekani, Waitaliano, Waingereza. Anayeisoma haraka atadhani Mwafrika haishi. Kumbuka Violet Brown: mjukuu wa kizazi cha watumwa, mkata miwa wa mashambani, na yumo katika orodha kwa sababu alizaliwa mwaka 1900 katika koloni la Uingereza lililokuwa tayari linaandika vizazi vya watu wote. Waingereza haohao, walipokuja kutawala Kenya na Tanganyika, uandikishaji wa lazima waliuanza kwa Wazungu, kisha Waasia. Mtoto wa Mwafrika angeweza kuzaliwa, kukua, kulipa kodi ya kichwa na kufa bila serikali kuwa na habari na siku ya kuja kwake. Kodi ilikuwa na daftari. Uzazi haukuwa na daftari. Kwa hiyo kama mwaka 1900 alizaliwa msichana Kilwa, akanusurika na njaa ya baada ya Majimaji, akaishi hadi mwisho wa 2018, basi alimpita Violet Brown na hakuna atakayejua kamwe. Sisemi alikuwapo. Nasema nafasi yake haikuwahi kuandaliwa.

Mwaka 2004 Kimani Ng'ang'a Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, baada ya serikali ya Kenya kutangaza elimu bila malipo. Alivaa kaptura ya sare na soksi ndefu kama watoto wengine. Akasema ana miaka 84. Guinness wakamwandika kuwa mtu mzee kuliko wote kuanza shule ya msingi, ingawa hati ya kuzaliwa hakuwa nayo; walichukua neno lake. Napenda kwamba mara moja angalau neno la mzee lilitosha. Napenda zaidi kwamba alilokwenda kutafuta shuleni ni kusoma na kuandika, yaani vile vitu viwili ambavyo ukosefu wake ndio uliomwacha bila tarehe.

Sasa tarehe tunazigawa. Vitambulisho vimetolewa, na mzee asiyejua siku yake hupewa mojawapo na karani. Kwa hiyo tuna wazee wengi ajabu waliozaliwa tarehe 1 Januari. Zanzibar ilipoanzisha Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika miaka 70, na Kenya ilipowafungulia wazee wa umri huohuo mlango wa posho ya Inua Jamii mwaka 2018, umri uligeuka kuwa na thamani ya fedha. Mwaka mmoja huku au huku una maana jikoni.

Na pesa ikiingia, karatasi nayo hupotoka. Nilipokuwa mwepesi wa kuamini niliiona karatasi kama shahidi asiyehongeka, hasa ya Wajapani, watu wa utaratibu. Mwezi Julai 2010 maofisa wa jiji la Tokyo walikwenda kumpongeza mzee wa miaka 111, aliyetambuliwa kuwa mwanamume mzee kuliko wote jijini. Familia ilikuwa ikiwazungusha kwa visingizio. Hatimaye polisi walimkuta kitandani, maiti iliyokauka. Alikuwa amekufa miaka 30 hivi nyuma, na fedha za pensheni ziliendelea kuingia. Serikali ikashtuka, ikapekua madaftari ya koo nchi nzima, ikakuta zaidi ya watu 230,000 wenye miaka 100 na zaidi ambao hawajulikani waliko. Baadhi wangekuwa na miaka 150. Wengi hawakuwa wizi wa mtu. Walikufa vitani, walihama ng'ambo, ukoo ukateketea na hakuna aliyebaki wa kwenda kuwafuta. Walikuwa hai kwa kukosa wa kuwatangazia msiba.

Saul Newman, mtafiti aliyepewa tuzo ya Ig Nobel mwaka 2024 (tuzo ya utani inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kabla haujafikirisha), alionyesha kwamba katika majimbo ya Marekani, vyeti vya kuzaliwa vilipoanza kutolewa, idadi ya wanaodaiwa kuvuka miaka 110 ilianguka kwa asilimia 69 hadi 82. Alionyesha pia kwamba siku za kuzaliwa za wakongwe hawa hupenda kuangukia tarehe zinazogawanyika kwa tano. Niliposoma hayo niliwakumbuka wazee wetu wa 1 Januari. Kumbe makarani wote duniani wana mkono mmoja.

Kwa hiyo ninaposema kwamba Bi Calment, au Kane Tanaka wa Fukuoka aliyefariki mwaka 2022 na miaka 119, waliishi kweli, nasema juu ya watu wachache waliochujwa kwa chekeche la tundu dogo sana. Hata kwa Tanaka kuna kimwanya: familia yake ilieleza kwamba alizaliwa mwisho wa Desemba 1902 na wazazi wakachelewa kumwandikisha hadi tarehe 2 Januari 1903, kwa kuwa alikuja njiti na hawakuwa na hakika kama ataishi. Ucheleweshaji wa namna hiyo mama yeyote wa hapa anauelewa. Mtoto asiyetazamiwa kumaliza wiki akamaliza karne na miaka 19 juu yake.

Watu hupenda kuuliza siri, na wakongwe, kwa adabu, hujibu. Tanaka alipenda chokoleti na soda. Emma Morano wa Italia, aliyekufa mwaka 2017, alikula mayai mabichi kila siku na kushukuru kwamba alimwacha mumewe mwaka 1938. Jiroemon Kimura, karani mstaafu wa posta na mwanamume pekee aliyethibitika kufika 116, alikula kidogo na kuacha nafasi tumboni. Calment alivuta sigara hadi baada ya miaka 110. Changanya tiba hizi zote ndani ya mtu mmoja uone kama atafika 60.

Aliyenigusa miongoni mwao ni Maria Branyas wa Catalonia, ambaye badala ya kutoa siri aliwaambia madaktari wamchunguze. Alizaliwa San Francisco mwaka 1907, akavuka Atlantiki akiwa mtoto, babake akafia melini, akaishi vita vyote vya Hispania na Ulaya, akapona UVIKO-19 na miaka 113. Walichukua damu, mate, mkojo, kinyesi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, yeye akiwa ameshafariki na miaka yake 117, yana kitu ambacho sikukitarajia: ncha za kromosomu zake, telomia, zilikuwa fupi mno, kama za mtu aliyechoka kupita kiasi, ilhali bakteria wa tumboni mwake walifanana na wa kijana na alama nyingine za mwili zilimpa umri mdogo kuliko wake. Uzee na afya njema vilikuwa vimekaa ndani ya mwili mmoja bila kugombana. Watafiti wanahisi huenda ule ufupi wa telomia ulizinyima seli zake nafasi ya kugeuka saratani. Pia alikula mtindi mara tatu kwa siku, na magazeti bila shaka yalichukua mtindi.

Sehemu iliyobaki ni bahati, na bahati ina namba zake. Mwaka 1825 Benjamin Gompertz wa London aligundua kwamba uwezekano wa mtu mzima kufa huongezeka kwa mwendo wa kujizidisha. Leo hukadiriwa kuwa huongezeka maradufu kila baada ya miaka minane hivi. Utafiti wa Italia wa mwaka 2018 ulipata kwamba baada ya miaka 105 kupanda huko hukoma: kila mwaka karibu nusu yao hufa, na nusu hubaki. Newman anabisha hata hilo, akisema makosa ya karatasi yanatosha kuzaa picha hiyo. Tukilikubali lakini, basi aliyefika 110 anarusha sarafu kila siku yake ya kuzaliwa. Calment alipata upande mmoja mara 12 mfululizo. Ni mtu mmoja kati ya 4,096 waliofika 110. Sayansi ikiongeza wanaofika 100, kama Japani ilivyotoka watu 153 mwaka 1963 hadi 99,763 mwaka 2025, inaongeza warusha sarafu. Serikali ya Japani ilikuwa ikimpa kila mmoja kikombe cha fedha. Mwaka 2016 ikabidi viwe vya kupakwa fedha juu tu.

Kati ya Agosti 2024 na Aprili 2025 ukubwa wa dunia ulipita mikono minne. Branyas alipofariki ulikwenda kwa Tomiko Itooka wa Ashiya, Japani. Desemba ukahamia kwa mtawa wa Brazil, Inah Canabarro Lucas. Tarehe 30 Aprili ukamfikia Ethel Caterham wa Surrey, Uingereza, aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 1909. Ni cheo kisichogombewa, unakipata kwa msiba wa mtu usiyemjua, na huwezi kukikataa. Bi Caterham alipokuwa binti wa miaka 18 alikwenda India kulea watoto wa familia ya Kiingereza. Mume amemzika, mabinti wake wawili amewazika. Mfalme Charles alipomtembelea Septemba 2025, mama huyu wa miaka 116 alimkumbusha siku aliyosimikwa kuwa Mwanamfalme wa Wales, mwaka 1969, akamwambia kwamba wasichana wote walikuwa wakimpenda. Mfalme alikuwa na miaka 76, na mbele ya mama yule alikuwa bado kijana. Walipomuuliza siri yake alisema habishani na mtu: anasikiliza, kisha anafanya alitakalo.